Muzungu akikumbuka kwao ni hamu, deplase akikumbuka kwao ni kukosa shukrani?

Wasomaji wetu, na ninyi mnaosikiliza makala hii ikisomwa kwenye redio za kartie, Noeli inakaribia. Kila mwaka Desemba ikiingia, Waingereza wanaofanya kazi huku kwetu wanashikwa na ugonjwa mmoja. Wanakumbuka kwao. Yule aliyesema mwaka mzima kwamba kwao jua halionekani na mvua haina huruma, sasa anaitamani mvua hiyo hiyo. Mwingine anavuka mpaka mpaka Bujumbura kutafuta zabibu kavu. Ukimuuliza za nini, atakueleza nusu saa nzima.

Na anachoeleza kina utamu wake. Kwao kuna keki ya Noeli isiyookwa motoni. Inachemshwa kwa mvuke saa nyingi, ndani yake zabibu kavu, mafuta ya ng'ombe, viungo, sukari na pombe kali. Inapikwa wiki nne au tano mapema. Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio kila mtu wa nyumba, hata mtoto mdogo, anashika mwiko, anakoroga mara moja na kuomba jambo moyoni bila kulisema. Keki hiyo haiozi haraka, kwa hiyo tangu zamani mama wa Kiingereza aliweza kuifunga na kuituma kwa meli hadi kwa mtoto wake aliyekuwa mbali. Inafika nyeusi na ngumu, lakini yule mtoto analia kabla hajaonja.

Siwacheki. Kumbukumbu ya kwao ni haki yao, na wanaitumia vizuri. Ninachotaka kusema ni kwamba haki hiyo hiyo tunawanyima watu tunaoishi nao kiwanja kimoja.

Angalieni maneno tunayotumia. Mtu aliyetoka kwao akaja hapa na mkataba, konje zake zimepangwa, tiketi ya kurudi iko mfukoni, tunamwita ekspatrie. Mtu aliyetoka kwao usiku, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, tunamwita deplase. Maneno yote mawili tuliyatoa katika Kifaransa, na yote mawili yanasema jambo moja: huyu hayuko kwao. Lakini ekspatrie akisema "ninakumbuka nyumbani", tunamletea kiti na kumsikiliza. Deplase akisema neno hilo hilo, kuko mtu pembeni atakayemwambia: "Mama, shukuru Mungu, umepewa mchele."

Hebu turudi nyuma kidogo, kwa sababu habari ya Waingereza na Noeli ya mbali ilipita hata hapa ziwani kwetu.

Mwishoni mwa mwaka 1871, Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone Ujiji, ng'ambo ya Tanganyika. (Stanley alizaliwa Wales na Livingstone alikuwa Mskoti, lakini wazee wetu waliwaita wote Waingereza, nami nawafuata wazee.) Watu wengi wanajua salamu ya siku ile, wachache wanajua Livingstone alikuwa katika hali gani. Alikuwa ametoka Nyangwe, kule Maniema, kwenye nchi yetu. Tarehe 15 Julai mwaka ule aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara ya watumwa wakifyatua bunduki katikati ya soko, siku ya soko, wanawake wamejaa. Waliokimbilia mto Lualaba wengi walizama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Baada ya hapo alirudi Ujiji kwa miguu, mgonjwa, na alipofika akakuta mali yake imekwisha uzwa na mtu aliyeachiwa kuitunza. Mke wake alikwisha kufa tangu 1862, kando ya Zambezi. Watoto walikuwa mbali, na barua hazikuwa zinafika.

Basi mtu huyo, kwa muda ule, alifanana sana na deplase. Ameona soko likipigwa, amepoteza mali, hana habari za watoto.

Stanley alimletea mfuko wa barua uliokuwa umekwama njiani. Livingstone alifungua moja mbili za watoto wake, akazisoma, kisha akaziweka nyingine magotini na kuomba kwanza ahadithiwe habari za dunia. Ndipo Stanley akaanza kumweleza: mfereji wa Suez umefunguliwa, Wafaransa na Waprussia wamepigana. Kila mtu aliyekaa miezi kambini bila simu anaelewa njaa hiyo. Mtu anataka kujua nani yuko hai, halafu nani ametawala, halafu bei ya vitu.

Wawili hao walipanda mtumbwi mpaka kaskazini ya ziwa, hapa hapa mlangoni petu, kuangalia kama Rusizi inatoka ziwani au inaingia. Wakakuta inaingia, jambo ambalo mvuvi yeyote wa huku angewaambia bure. Kisha wakarudi Ujiji, na Noeli ikawakuta huko. Wakaamua kuila kama kwao. Stanley ameandika orodha ya vitu: kondoo wa mkia mnene, mbuzi, pombe, mayai, maziwa mabichi, ndizi, unga mzuri, samaki, vitunguu, viazi vitamu. Vingine vilitoka sokoni, vingine kwa Mwinyi Heri, mkubwa wa Waarabu wa pale. Kumbe Noeli ya Wakristo wawili ilitoka kwa sehemu mikononi mwa Mwislamu mwenyeji wao. Stanley, ambaye homa ilikuwa imemwachia usiku uliotangulia tu, aliamka asubuhi kumfundisha mpishi wake jinsi siku hiyo ilivyo kubwa kwa wazungu.

Mpishi aliitwa Ferajji. Stanley anasema aliharibu nyama ya kuchoma, na krimu ya mayai na maziwa ikaungua. Karamu ikashindikana.

Mimi ninapoisoma habari hiyo namfikiria zaidi Ferajji. Na yeye alikuwa mbali na kwao. Alitembea njia ile ile kutoka pwani, na pengine homa ile ile ilimpata. Kuna siku fulani ya mwaka ambayo kwao ilikuwa kubwa, na kuna chakula ambacho angeweza kukipika bila kukiunguza. Hakuna aliyemuuliza. Tunajua jina lake kwa sababu aliunguza krimu ya mtu mwingine aliyekuwa na hamu ya nyumbani.

Hapo ndipo tatizo letu lilipo hadi leo. Mwenye kalamu hamu yake inaandikwa, na ya mpishi haijulikani.

Lakini nisiwe mkali mno, maana Waingereza wana jambo moja la kutufundisha katika hili: waliipa hamu hiyo mahali pake na saa yake. Mwaka 1918, vita kuu ya kwanza ilipokuwa imekwisha mwezi mmoja tu, padri kijana wa Kianglikana aliyeitwa Eric Milner-White alikuwa mkuu wa kanisa la King's College, Cambridge. Alikuwa amerudi kutoka vitani, alikokuwa padri wa askari. Chuo kilikuwa kimepoteza vijana wengi. Mkesha wa Noeli akapanga ibada ya masomo tisa na nyimbo. Hakutaka mahubiri marefu. Somo, wimbo, somo, wimbo, na katika sala ya mwanzo wanakumbukwa maskini, wenye njaa, wenye huzuni, na wale waliokwisha kuvuka ng'ambo ya pili. Siku hizi wimbo wa kwanza unaanzishwa na mtoto mmoja peke yake, bila kinanda, kanisa lote kimya. Tangu 1928 ibada hiyo inatangazwa redioni, na karibu kila mwaka haikukosa. Inaanza saa tisa alasiri kwao, ambayo ni saa kumi na moja jioni huku Kivu. Mwingereza aliye mbali anakaa karibu na redio, anamsikia mtoto yule, na kwa dakika chache yuko nyumbani.

Halafu 1932. BBC ilikuwa imeanzisha redio ya mawimbi mafupi kwa ajili ya watu wa himaya yao. Siku ya Noeli mfalme George wa tano alizungumza kutoka nyumba yake ya Sandringham. Hakupenda wazo hilo mwanzoni. Hotuba aliandikiwa na Rudyard Kipling, na saa tisa alasiri ilichaguliwa kwa sababu wakati huo mawimbi yangefika sehemu nyingi za dunia. Maneno yenyewe yalikuwa machache. Aliwasalimu waliotengwa na theluji, na jangwa, na bahari, ambao hakuna kinachoweza kuwafikia isipokuwa sauti inayopita hewani.

Himaya hiyo, sote tunajua ilijengwa kwa nini na kwa migongo ya nani, na sisi tulikuwa chini ya Wabelgiji walio mbaya kama wao au zaidi. Lakini wazo la kwamba aliye mbali na kwao aitwe kwa sauti, siku ya sikukuu, hata kama huwezi kumrudisha, hilo ni wazo zuri. Aliyelitoa simjali.

Sasa tuje kwetu. Miaka michache iliyopita nilizungumza na Mwingereza mmoja, mama wa makamo, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika moja la msaada hapa Uvira. Jina lake sitalitaja, kazi yake ilikwisha na aliondoka. Ilikuwa Noeli yake ya pili hapa, na ndege hazikuwa zinapatikana. Aliniambia anamkumbuka baba yake anavyosinzia kwenye kiti baada ya kula, mdomo wazi, kofia ya karatasi kichwani. Akacheka, kisha akanyamaza. Halafu akaniambia habari ya jirani wa kiwanja, mama wa watoto sita, aliyemletea sahani ya wali na ndagala na sombe siku ile, amefunika na kitambaa safi. "Sikujua nimrudishie nini," akasema. Alilia kwa ajili ya baba yake na kwa ajili ya ile sahani, kilio kimoja kwa mambo mawili. Hakuna mtu aliyemwona mkosa shukrani. Mimi nilimwona mtu mwenye akili timamu.

Juma lile lile nilikuwa na mama mwingine, aliyeshuka kutoka milimani na watoto wanne. Walikaa kwa binamu ya mume wake, chumba kimoja, watu kumi na mmoja. Nilimuuliza Noeli kwao inakuwaje. Alianza taratibu. Maharage mapya, aliyovuna kwa mkono wake. Viazi vyenye udongo mweusi. Maziwa. Baridi ya asubuhi ambayo huku chini haipo, watoto wakienda kanisani wamejifunika vikwembe vya mama zao. Ngoma inayosikika kutoka kilima cha pili. Alikuwa amefika kwenye ngoma, uso umefunguka, ndipo mtu mmoja wa kamati ya kugawa msaada aliyekuwa ameketi nasi akamkatiza: "Mama, acha hayo. Sema aksanti kwa mchele na mafuta, wanaandika." Yule mama akasema aksanti. Hakurudi tena kwenye ngoma.

Mimi niliandika kila kitu mpaka kwenye ngoma. Ile aksanti sikuiandika, maana haikuwa yake.

Najua watakaonijibu. Watasema deplase akikumbuka sana atakosa nguvu ya kuanza upya. Watasema ukimwacha aseme kwao ataanza kutaja nani alimfukuza, na moto utawaka katika kartie. Jibu hili la pili si la mchezo, maana hapa kwetu jina la kijiji moja kwa moja linaonyesha kabila la mtu, na kabila linaonyesha upande. Lakini yule mama wa milimani hakutaja adui. Alitaja maharage. Mtu aliyezuiwa kutaja maharage ndiye atakayebaki na jina la adui peke yake kichwani. Na kuhusu nguvu ya kuanza upya, mtazameni yule Mwingereza: alilia tarehe 25, tarehe 27 alikuwa kazini.

Tena tusidanganyane kuhusu ukubwa wa jambo hili. Oktoba 2023 shirika la uhamiaji la Umoja wa Mataifa lilihesabu watu milioni 6.9 waliohama makwao ndani ya Kongo, na tangu hapo vita havikulala. Ng'ambo ya ziwa, Nyarugusu, mkoa ule ule wa Kigoma ilipo Ujiji, Wakongo wa Kivu ya Kusini wamekuwa kambini tangu 1996. Kuko watu wazima huko, wenye watoto, ambao Noeli ya "kwetu" wanaijua kwa kusimuliwa tu.

Kuhusu shukrani, nitasema moja. Deplase wengi hawaishi chini ya shitingi za mashirika. Wanaishi katika nyumba za watu: binamu, rafiki, mkristo mwenzake, hata mtu asiyemjua ambaye alifungua mlango usiku. Jamaa hizo zinagawa bugali ambao haukuwatosha wenyewe. Choo kinajaa mara mbili upesi. Watoto wanalala watano kitandani. Hizo ndizo nyumba zinazostahili aksanti, na ajabu ni kwamba deplase wanaisema bila kulazimishwa. Wanachota maji, wanapalilia, wanachunga mtoto mchanga wa mwenyeji. Hakuna aliyewapiga picha. Picha inapigwa siku ya mfuko wa mchele, na mama anaambiwa auinue juu ili nembo ionekane vizuri.

Waingereza wana siku yao ya tarehe 26, ambayo zamani waliwapa wafanyakazi wa nyumbani na watu wa kazi ndogo ndogo masanduku ya zawadi. Nadhani ni afadhali kidogo kuliko ya kwetu, maana sanduku lilikuwa limefungwa, na hakuna aliyelazimika kuliinua mbele ya kamera.

Kwa hiyo Noeli hii ninaomba mambo ambayo hayana bei kubwa.

Kwa jamaa zenye wageni: mwulizeni mgeni wenu swali nililomuuliza yule mama. Kwenu inakuwaje? Na mkisha kuuliza, nyamazeni. Kama kuko franka chache za kununua kitu kimoja, muulizeni kwao wanakula nini siku hiyo, mnunue hicho, hata kikiwa kibaya kwenu. Na yeye apike. Msimfanye Ferajji.

Kwa mapadri, wachungaji na maimamu: katika sala ya pamoja, acheni nafasi ya kuwataja walioachwa nyuma, wazee walioshindwa kutembea, makaburi ambayo hakuna wa kuyapalilia. Milner-White aliweka hayo mwanzoni mwa ibada, si mwishoni watu wanapotafuta viatu.

Kwa mashirika: toeni mchele bila picha. Ripoti yenu itapita.

Na kwa ndugu zangu wa redio za kartie, ninyi hasa. Kila siku mnatangaza salamu za walioweza kulipa. Noeli toeni saa moja ya bure, mchana, umeme ukiwapo au jenereta ikiwapo, kwa salamu za deplase peke yao. Lakini tuwe waangalifu. Asitaje mtu mahali anapoishi sasa, wala njia aliyopita, wala jina la aliyebaki kijijini kama kumtaja kunaweza kumletea shida. Mtu atumie jina la utani la nyumbani, lile linalojulikana na mama yake tu. "Hapa ni yule aliyeanguka kwenye mwembe. Niko salama, watoto wanakua." Mwenyewe akisikia atajua. Mtangazaji asikilize salamu kwanza kabla ya kuipitisha hewani, na akiona hatari aikate bila kumwaibisha mtu.

Kwa asiyejua kabisa jamaa wake wako wapi, redio peke yake haitoshi. Msalaba Mwekundu una kazi ya kutafuta watu waliopotezana na wa kwao, na kubeba barua fupi, wazi, zenye habari za familia tu. Ni bure. Yeyote atakayewaomba pesa kwa kazi hiyo ni mwizi, mpelekeni kwa shefu wa avenyi.

Redio mbili zimekwisha kusema zitafikiria. Nyingine hazijajibu. Tarehe 24, saa kumi na moja jioni, mtoto mmoja Cambridge ataanza kuimba na Waingereza wa dunia nzima watasikiliza. Saa hiyo hiyo hapa Uvira inafaa kabisa kwa salamu zetu, watu wametoka shambani na ziwani hawajaingia. Wakurugenzi wa redio, tunangoja jibu lenu kabla ya tarehe 20, ili habari iwafikie pia walio kando ya mji, na wale wa ng'ambo wanaoshika masafa yetu upepo ukiwa mzuri.